Koti la Kwenda Ng'ambo

Fundi cherehani huyu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hampimi mtu mwenye njaa. Kijana akipata ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo, huja kwake kushonewa koti la safari, naye humkalisha kwanza kwa jirani yake Maombi, muuza mandazi. "Ukule kwanza," humwambia, pini zikiwa mdomoni. "Tumbo ya njala inadanganyaka kipimo." Kisha hupima huku akiimba nyimbo za kwaya, na ndani ya mishono huacha kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili, maana huko waendako watanenepa, na fundi wa huko apate pa kufumulia. Maombi ameona makoti mengi yakipanda minibasi ya Lilongwe yakiwa hivyo.

Wiki hii zamu ilikuwa ya Arlène, binti wa fundi mwenyewe, anayekwenda Kanada. Fundi alikwenda hadi soko la Mchesi, Lilongwe, kuchagua kitambaa, akamlisha mandazi mpaka akashiba, akampima, akarudia kumpima, na hakuimba. Koti lilipokwisha, Maombi aliligeuza ndani nje akapapasa mishono. Ziada yote ilikuwa imekatwa.

"Papa Arlène, umesahau? Mutoto akinona je?"

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola yake.

"Anone tu," akasema. "Siku koti itamubana, arudi. Mi njo nitamushonea ingine."

Arlène akacheka, akanyoosha mkono kwa Maombi kuomba andazi lingine.