Kibofu cha Ng'ombe na Njia ya Bahi

Enzi zetu pale Kongwa mpira haukununuliwa dukani. Tuliuomba kwa mchinjaji: kibofu cha ng'ombe, kibichi, chenye harufu ambayo sabuni ya mama haikuiweza. Tulikipuliza kwa ganda la kalamu, tukakifunga uzi na kukipiga teke mpaka kipasuke. Watoto wa leo wameona picha ya shimo jeusi kwenye simu, lile linalomeza hata mwanga, lakini mpe mmoja kibofu apulize uone atakavyokimbilia kunawa.

Mwalimu wetu wa sayansi darasa la tano ndiye aliyekipa kibofu heshima. Alikitia madoa ya mkaa, akasema kila doa ni kundi la nyota, kisha akapuliza mashavu yakamtuna. Madoa yakaachana. "Ulimwengu ulianza ukiwa mdogo sana," akasema, "na mpaka leo unatanuka." Mimi, mwenye akili kuliko wote kwa hesabu yangu mwenyewe, nikaelewa kwamba hata njia zinarefuka.

Kesho yake nilichelewa kuhesabu namba asubuhi, nikamweleza mwalimu wa zamu kwamba njia ya shule imetanuka. Nilifagia uwanja wiki nzima, na naapa uwanja nao ulikuwa unatanuka. Mama hakunihurumia. "Kama njia inarefuka, amka mapema," alisema, akaendelea kusonga ugali wa uwele.

Usidhani nilikuwa natania. Mwaka huohuo dada yangu Eliza, aliyenibeba mgongoni tangu nikiwa mchanga, aliolewa Bahi, kwenye majaruba ya mpunga. Asubuhi ya kuondoka kwake wote waliimba. Mimi nilimng'ang'ania kanga nikilia, nikamwambia Bahi inazidi kwenda mbali na hatutaonana tena. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Eliza hakucheka. Alichutama, akanifuta kamasi kwa upindo wa kanga. "Basi tutaikimbiza," akasema. "Nitakuja, na wewe utakuja."

Alitimiza. Kila baada ya mavuno alishuka kwenye lori, mweupe kwa vumbi, na ndoo ya mchele kichwani.

Juzi binti yangu, anayesoma chuo hapa Dodoma mjini, alinisahihisha kwa upole wa muuguzi. "Mama, yanayoachana ni makundi ya nyota yaliyo mbali mno. Vilivyo karibu vinavutana. Bahi ipo palepale." Nikaona aibu, maana kosa hilo nimelizeesha pamoja nami.

Zamani kwenda Bahi ilikuwa safari ya kutwa nzima, na tulikwenda. Sasa nakaa mjini, lami imenyooka, na sijakanyaga kwa dada miaka minne. Jana alipiga simu. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikaanza: vikao, misiba, goti linasumbua. Alinisikiliza mpaka mwisho, sauti yake imezeeka.

"Mdogo wangu," akauliza, "njia imerefuka tena?"