Ski Tulijifunzia Xiaobei

Mwaka jana mwanangu alinisumbua mpaka nikasalimu amri. Tulikuwa Guangzhou, mimi na mizigo yangu, yeye na likizo yake, naye alikuwa ameona kwenye simu kwamba siku hizi mji ule una jumba la theluji, ndani baridi ya kufa mtu, nje watu wanatiririka jasho. Basi tukaenda. Kijana wa kaunta akaniletea buti za ski, nikazirudisha. Akaleta nyingine. Nikavaa, nikasimama wima, vidole vikagusa mbele kidogo. Nikakunja magoti, vidole vikarudi nyuma. Nikajaribu kunyanyua kisigino, kikagoma. Nikamwambia hizi ndizo, na huyu mtoto mvue hizo soksi mbili, mvalishe moja nyembamba. Kijana akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza Afrika theluji iko wapi. Nikamjibu kwamba mimi nilijifunzia hapa hapa mjini, mtaa wa Xiaobei, nyuma ya stoo. Akacheka kwa adabu, vile mtu anavyomcheka mteja. Wewe usicheke, ngoja nikusimulie.

Nilikuwa msichana wa darasa la tano. Bibi aliyenilea Makete aliugua, mama akaona bora anibebe, nikakaa naye Guangzhou karibu mwaka mzima. Ilikuwa baada tu ya ile Olimpiki ya Beijing, wakati polisi walipokuwa wakikagua pasipoti za Waafrika kila kona. Tulipanga chumba kimoja kwenye jengo refu, na koridoni kulinukia sabuni ya unga, mihogo ya kukaanga ya Wakongo, na dagaa wa mama, ambao Wachina wa ghorofa ya chini waliwahi kupanda kuuliza kama kuna mtu amefia humo.

Mama alikuwa Mkinga, na Mkinga ukimweka jangwani atakutafutia cha kuuza. Alinunua nguo soko la Shahe, akapeleka Njombe na Mbeya. Alikuwa na sheria moja: hanunui kitu mpaka akijaribu mwilini mwake. Nimemwona amevaa suruali ya kiume juu ya kitenge katikati ya soko, anachuchumaa na kuinuka, na bosi mwenye duka amejishika kichwa.

Siku moja tulimkuta bosi mmoja anafunga biashara. Alikuwa na makoti mazito ya kuzuia upepo, na mama alipoyashika tu macho yakang'aa. Kwetu Makete asubuhi mvuke unatoka mdomoni, na bodaboda ndiyo zilikuwa zinaanza. Lakini bosi alisema makoti hayatoki peke yake. Yanatoka pamoja na rundo la buti za plastiki ngumu zenye vifungo vya chuma, na mbao nyembamba ndefu zilizopinda ncha. Mama akavaa buti. Akatembea nazo soko zima, ko, ko, ko, kama bata aliyevalishwa sufuria. Watu waliacha kupatana bei wakamwangalia. Aliporudi jasho linamtoka, akatangaza uamuzi wake: hizi ni buti za bodaboda, mtu akianguka nazo kifundo hakivunjiki ng'o. Nikamwambia mama, hazikunji. Akasema zitalainika. Mbao zile, akasema, tutajua mbele ya safari.

Chumba kikajaa. Mimi nililala juu ya makoti, kichwa kikiwa mlangoni. Ndipo akaingia jirani yetu, Mkongo wa Lubumbashi, mrefu, mwenye miwani, aliyekuwa akinifundisha hesabu na Kifaransa kwa malipo ya ugali. Jengo zima lilimwita Profesa. Aliona buti, akaegemea ukuta, akacheka mpaka akavua miwani.

"Ah non, Mama Njombe," akasema. "Hii haiko ya pikipiki. Hii iko ya ski. Bazungu banavaa, banateleza ku neige, ile theluji."

Akaeleza kwamba alisoma mwaka mmoja Ufaransa, karibu na milima, na wanafunzi wenzake walimfundisha. Mama hakuamini hata chembe. Kwetu umande ukiganda viazi vinaungua na watu wanalia. Nani alipe nauli kwenda kuchezea balaa hilo? Koridoni habari ilipofika, wakaongeza yao. Mkongo kateleza kwenye barafu, leo atatuambia alicheza na dubu.

Ila Profesa alimjua mteja, mfanyabiashara wa Kirusi wa jengo la jirani, na Mrusi alisema atachukua buti na mbao zote, mradi zipangwe: za wanaoanza huku, za wazoefu kule. Hapo mama akageuka mwanafunzi. Profesa alitupanga sakafuni kama darasa. Anayeanza mpe ubao unaomfika kidevuni, si zaidi, maana mrefu unakimbia kabla yeye hajaamua. Buti ya anayeanza iwe laini kidogo. Ya fundi iwe ngumu. Usimnunulie mtu kubwa eti atakua. Hilo mama alilipinga kwa nguvu zote, maana mimi sijawahi kuvaa kiatu cha saizi yangu maisha yangu yote.

Kisha mama akaleta sheria yake. Hauzi asichokijaribu. Profesa akasema sawa, lakini theluji hatuna. Mama akasema sabuni tunayo.

Nyuma ya jengo kulikuwa na mteremko wa mikokoteni, kutoka mlango wa stoo mpaka uchochoroni. Tukatandika nailoni za kufungia marobota, nikamwaga maji ya sabuni kwa ndoo. Pale hapakupita mtu ovyo, na hilo lilikuwa muhimu. Pasipoti ya mama ilikuwa kwa wakala ikiongezwa muda, amebaki na risiti tu. Ya Profesa ilikuwa imeisha muda zamani, na hakuna wakala aliyekubali kuigusa. Akishikwa, anarudishwa kwao. Kwa hiyo kila alipotufundisha alisimama chini kabisa, penye uchochoro, na sikio lake moja lilikuwa barabarani.

Mama aliteremka mara ya kwanza kwa makalio. Mara ya pili kwa ubavu, kitenge shingoni. "Unaogopa, unalala nyuma," Profesa alimwambia. "Ukilala nyuma, ski inakuwa bosi. Lala mbele! Muundi ukamate ulimi ya buti." Akamfundisha kupunguza mwendo: ncha za mbao zikaribiane, visigino viachane, kama paa la nyumba. Mama alikuwa akinung'unika Kikinga njia nzima, na nilisikia maneno ambayo bibi angempigia kofi. Lakini siku zilivyokwenda akaanza kuteremka amesimama. Mimi niliteremka vizuri kuliko yeye, na sikuacha kumkumbusha.

Alasiri moja mama amefungwa mbao miguuni, yuko juu ya mteremko, tukasikia vishindo ndani ya stoo. Watu wakatoka mbio, Wanigeria, Waguinea, dada mmoja wa Kenya ameshika viatu mkononi, wakatupita pembeni mwa nailoni kuelekea uchochoroni. Polisi walikuwa wameingia kwa mlango wa mbele. Mama alitaka kugeuka, mbao zikakataa, akaanza kushuka. Nakuapia sijamwona mtu akishuka vizuri namna ile. Magoti yamekunjwa, macho mbele, paa la nyumba limekaa sawasawa, akasimama chini taratibu kama gari la serikali. Askari kijana aliyemfuata hakuijua sabuni. Alishuka amekaa, kofia mbele yeye nyuma, akafika miguuni kwa mama. Wenzake kule juu walikufa kwa kicheko.

Yeye hakucheka. Alisimama ameloa, akamfokea mama, na mama Kichina chake kilikuwa cha sokoni: ghali, punguza, sitaki. Akawa anamwambia askari sitaki, sitaki. Alijaribu kuvua buti, vifungo havifunguki.

Profesa alikuwa ameshaingia uchochoroni. Niliuona mgongo wake. Uchochoro ulikuwa wazi, hatua chache tu angekunja kona na wale wengine. Akageuka, akatuona, akarudi akitembea.

Alipiga magoti kwenye sabuni, akambonyezea mama kifungio cha nyuma cha mbao, akafungua buti moja kisha nyingine, huku akizungumza na askari Kichina kizuri, kwa sauti ya chini. Akanituma risiti ya wakala. Nilipanda chumbani na kushuka mbio. Askari akaisoma, akamrudishia mama. Halafu akamnyooshea Profesa mkono wazi, anataka pasipoti yake, na sote tulielewa maana yake.

Profesa alijipangusa sabuni. Walipomshika mkono akamgeukia mama. "Mama Njombe, ile ya mwisho ilikuwa muzuri," akasema, kwa sauti ile ile ya darasani.

Mrusi alichukua mzigo wake wiki hiyo hiyo. Makoti Makete yaligombaniwa. Jengo lile lipo bado, nimepita mwaka jana. Koridoni hakunuki dagaa wala mihogo, ni ofisi za vijana wanaouza vitu kwa simu, na mteremko wameujengea ukuta.

Ila kilichobaki kinaniuma ni asubuhi ya pili baada ya Profesa kushikwa. Mama alisonga ugali, akakaanga samaki, akafunga kwenye hotipoti, tukaenda mpaka kituoni tulikoambiwa amewekwa. Dirishani kulikuwa na mama wa Kichina mwenye uso mwema. Alituelewa upesi, akashika kalamu, akauliza swali moja tu: jina lake nani. Mama akafungua mdomo. Akasema Profesa. Yule mama akatikisa kichwa, akauliza tena. Mama akanigeukia mimi, na mimi sikulijua. Mwaka mzima alikula mezani kwetu, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa, jina la mtu hukuliuliza, ilikuwa heshima. Tulisimama pale mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kulalamika. Kisha tukarudi na hotipoti yetu, bado ya moto.