Nilivyokihifadhi Kisiwa cha Mkwe

Hapa Kuze, mtaa wetu wa Mombasa, wanawake wa upande wa mume wakija kumtazama msichana, msichana hatakiwi kusema. Ataingia na sinia, atabusu mikono ya wakubwa, atakaa chini na kuinamisha macho. Wao wataangalia mwendo wake na ngozi yake, na kama anamimina kahawa bila kumwaga. Shangazi yangu, aliyenilea, alinieleza hayo kila siku ya wiki ile. Nilimsikia vizuri. Nikafanya kinyume kwa sababu niliogopa.

Niliogopa kwa kuwa sikuwa na kitu cha kutazamwa. Shule niliiacha kidato cha pili. Uso wangu una makovu ya chunusi, na umri wangu shangazi alishaanza kuutaja kwa sauti ya chini. Mwanamume aliyenitaka alikuwa fundi umeme huko Maore, kile kisiwa jirani na Ngazija ambacho Wafaransa wanakiita Mayotte na wamekifanya mkoa wao kamili, kama mikoa yao ya Ulaya. Tulizungumza kwa simu karibu mwaka mzima. Nilimpenda. Nilitaka pia kuondoka nyumba ya shangazi, na hadi leo siwezi kusema lipi lilikuwa kubwa zaidi. Uamuzi ulikuwa wa mamake, mfanyabiashara ambaye huja Mombasa kununua leso na ambaye, kwa safari hizo, Kiswahili chetu anakijua.

Nikaamua kwamba kitu nitakachompa ni kisiwa chake. Nilipata mtandaoni ukurasa wenye sehemu tatu, yaani jiografia, historia na watu, nikauhifadhi kama tulivyohifadhi sura fupi madrasa, kwa kufumba macho na kurudia, na kila nilipokosea nikaanza upya kutoka mstari wa kwanza. Sijui njia nyingine ya kujifunza. Kitu kikibaki na kasoro moja, mimi silali.

Walikuja alasiri. Mamake alikuwa mwembamba, amejifunga saluva ya manjano, vazi la wanawake wa Maore, na kila mkunjo ulikuwa mahali pake. Alifuatana na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mama mnene ambaye akisifu kitu chako unatamani kukificha. Alisifu mapazia yetu, akasema siku hizi ni nadra kuona watu ambao bado wanayo. Aliushika mkono wangu akaugeuza.

"Mikono ya kazi," akasema. "Vizuri. Uso nao utazoeleka."

Nilimimina kahawa na sikumwaga. Mamake alinitazama kwa upole, au mimi nilitaka iwe upole, akaniuliza, "Mwanangu, wapajua unapokwenda?"

Shangazi alinijibia kwamba nitapajua nikifika. Lakini mimi nilikuwa nimelisubiri swali hilo kama mtoto anayesubiri kuitwa ubaoni. Nikasema. Nilianza na visiwa vyenyewe, kile kikubwa na kile kidogo, na jinsi kwenye ramani kile kikubwa kinavyofanana na farasi wa baharini. Nikaeleza matumbawe yanayokizunguka karibu chote, na maji yaliyotulia ndani yake. Shangazi alinikanyaga kidole cha mguu. Nikahamia historia, sultani aliyetoka Madagaska akawauzia Wafaransa nchi, halafu ile kura, visiwa vitatu vikachagua uhuru na Maore ikakataa.

"Mashallah," akasema wifi. "Mimi sina haja ya kurudi. Nyumbani kumenifuata."

Mamake alicheka. Mabega yake yalishuka, akachukua sambusa. Hapo ndipo palipokuwa mwisho wangu mzuri, na nilipaona. Lakini ukurasa ulikuwa na sehemu tatu, na mimi nilikuwa nimesema mbili.

Nikasema habari za watu. Kwamba wakaazi wengi hawakuzaliwa Maore, wametoka Anzwani, kisiwa jirani, wakavuka usiku kwa viboti vinavyoitwa kwasa, na wengine wamezama. Kwamba wanaishi vilimani kwenye vibanda vya mabati, wakiwakwepa polisi wasije wakarudishwa. Kwamba kimbunga kilipopiga, vibanda viliruka kama karatasi, na hakuna mwenye hakika wamekufa wangapi, kwa sababu wengi hawakuwa kwenye hesabu hata walipokuwa hai. Sikukwama mahali hata pamoja. Nilimaliza nikiwa na furaha.

Wifi aliweka kikombe chini taratibu, akamgeukia mamake mchumba wangu.

"Mwambie basi," akasema. "Mtoto amesoma, lakini aliyesoma si sawa na aliyeona. Mwambie bahari ya usiku ilikuwaje. Mwambie kakangu alikuokota ufuo gani."

Vidole vya mamake vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la saluva.

"Au mwambie mabati yana joto gani mchana. Mimi siwezi kumwambia, mimi nilizaliwa nyumba ya mawe."

Shangazi alipitisha sahani. Ilizunguka chumba kizima ikarudi kama ilivyokwenda. Nikangojea mamake amjibu wifi yake, nikamwombea apate hata maneno makali. Badala yake akanitazama mimi. Wifi alikuwa anarudi naye nyumbani. Mimi ndiye niliyeweza kuachwa.

"Simama nikuone," akasema.

Nilisimama. Aliniambia nitembee hadi mlangoni na kurudi, nikatembea. Aliniambia nifungue kinywa, nikafungua, akainuka na kusogea karibu, na kwa muda mrefu akanishika kidevu akinigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mkono wake ulikuwa baridi. Alisema meno ya nyuma yameoza. Akasema chunusi za umri huu si za ujana, ni damu chafu, na damu chafu hurithiwa.

"Dada," akamwambia shangazi, "huyu mlimpa ulimi, mkasahau kumpa vyengine."

Wifi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha mamake naye akacheka, kidogo kwanza, halafu sana, na wifi akamshika bega. Kinywa changu kilikuwa bado wazi. Niliona kwamba wamepatana, na kwamba mahali walipopatania ni humo.

Walipoondoka shangazi hakunipiga. Alikusanya vikombe akasema watu walikuja kuona mke, mimi nikawaonyesha ramani. Tangu hapo kila harusi analisimulia jambo hilo, na mtaani wasichana wadogo kuliko mimi, ambao sasa wana watoto, huniita Bi Ramani.

Mchumba wangu alinipigia simu wiki ile ile. Alisema mamake hana ubaya nami, hata amesema mimi ni mwerevu. "Lakini asema hawezi kuzeeka nyumba moja na mtu anayejua."

Nilimwambia sikujua lolote juu ya mamake, nilisoma tu. Akasema anaelewa. Hakuwahi kuniambia, akasema, kwa sababu kazini wenzake wakiwacheka watu wa viboti, yeye hucheka nao, na amezoea. Nadhani alikuwa analia. Nilijua kwamba mwanamke mwema angetafuta neno la kumpoza, na nililitafuta, lakini kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja ambalo halikukaa sawa na lisingeniacha nilale: kama babake ni wa ile nyumba ya mawe, yeye anaficha nini? Nikamuuliza kama mamake alivuka akiwa na mimba yake.

Nilisikia pikipiki ikipita upande wake.

"Ndiyo," akasema. "Haya, sasa umekamilisha."

Akakata simu.