Kakakuona wa Hasamba

Usiku kucha Tabita hakuvua kitenge. Simu ilikuwa kifuani, akisubiri afisa wanyamapori aseme atafika saa ngapi. Ndani ya stoo ya kijiji, pale Hasamba, alikuwa amefungiwa kakakuona hai aliyekutwa kwenye mibuni. Mwenyekiti alitaka akae humo siku tano, mpaka Jumapili, ili watu wakitoka kanisani waone ataendea kipi kati ya maji, unga na jembe. Ndivyo walivyozoea kuutabiri mwaka.

Alfajiri ujumbe uliingia. Gari limekwama Kamsamba. Afisa atafika Jumamosi.

"Jumamosi atakuta mzoga," Tabita akasema, akainuka.

Mwaka wa tisa sasa alikuwa akifungua na kufagia makumbusho madogo ya wanyama karibu na Mbozi Mission. Aliishia darasa la saba, lakini kila mnyama aliyekaushwa mle alijua amekufaje. Kakakuona wa kwenye sanduku la kioo alifungiwa stoo hiyohiyo, akawekewa ugali na maharage, naye chakula chake ni sisimizi na mchwa. Siku ya nne akafa. Wanafunzi wakiuliza, Tabita hakuwaficha: "Tulimuua sisi, kwa ugali."

Vitu vya makumbusho haviruhusiwi kutoka. Hata hivyo alipita kule, akamtoa yule mkavu, akambeba mgongoni kwa khanga, akashika njia.

Mwenyekiti Asajile alikuwa uani akipiga mswaki.

"Mama Recho!" akamwita Tabita alipouona mzigo wa mgongoni. "Umejifungua uzeeni?"

"Nimekuletea mgeni wako wa mwaka ule." Akamlaza kwenye benchi. "Huyu alichagua nini?"

Asajile akatema povu. "Maji. Na mvua ilinyesha."

"Ilinyesha yeye ameshakufa."

Mwenyekiti akayatazama yale magamba, hakucheka tena. "Watu watasema nimewanyima kuujua mwaka wao."

"Waite leo. Achague, kisha jioni tumrudishe msituni. Afisa nitaongea naye mimi. Ukikataa, nakaa mlangoni mpaka Jumapili, binti yangu ataniletea chai."

"We mama ni mbishi!"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Ufunguo uko wapi?"

Asajile akaleta ufunguo, wakaongozana hadi stoo. Kufuli lilikuwa na kutu, likagoma mara mbili. Tabita alitega sikio kwenye mbao za mlango, asisikie kitu ndani. Mara ya tatu likaachia. Mlango ukafunguka, na pale kwenye kona, juu ya magunia, magamba yaliyojikunja kama mpira yalikuwa yakipanda na kushuka, taratibu, kwa pumzi.