Baba Alijifunza Gari kwenye Katuni

Mimi ni mwoga wa magari na sioni sababu ya kujitetea. Mtu aliyezaliwa Lushoto, akaiona barabara ya kushuka Mombo tangu angali mgongoni kwa mama yake, halafu akasema haogopi, huyo ana lake jambo.

Miaka ile ya soko huria kila kitu kilipanda mlimani kwa mkupuo: mitumba, televisheni za rangi, simu za mkononi, magari yaliyochoka kutoka Japani. Baba yangu, mkulima wa kabichi aliyetembea kwa miguu maisha yake yote, akanunua pikapu. Leseni alikuwa nayo. Aliipataje, siulizi, na nyinyi msiniulize. Kilichokosekana ni kujua kuendesha.

Waliojifunza gari walijifunzia uwanjani, watu wamejipanga pembeni wanacheka kila gari linapozimika. Baba hakuliweza hilo. Mzee wa kanisa achekwe na watoto aliowasimamia ubatizo? Thubutu! Akaenda kwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko, cha mtoto wa dada yake. Humo mlikuwa na gemu la kuendesha gari, lililotokana na katuni moja ya vichekesho ya kwenye televisheni: familia ya watu wenye macho yaliyotoka, wanakimbiza magari mji mzima. Mtu akigongwa anarushwa juu, anatua, anafoka kwa Kiingereza, kisha anaendelea na safari yake. Jioni baba alikaa kwenye benchi akingoja zamu yake. Watoto walioingia walimwamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, naye akiitikia marahaba bila kubandua macho kwenye skrini, huku ameshamgonga bibi wa watu.

Nilicheka siku ya kwanza tu. Siku niliyorudi nilimtazama usoni, nikaogopa. Hakuwa anacheza. Alikuwa anasoma.

"Mjomba, hii ni ya kujifurahisha tu," mpwa wake alimwambia.

"Kona ni kona," baba akajibu.

Nani angemwambia zaidi ya hapo? Kwetu baba hakosolewi na mtoto wake, hata mtoto awe mtu mzima kama nilivyokuwa mimi, mwalimu wa chekechea. Nikaenda kwa mama. Nikamwambia wazi kwamba baba atatuua. Mama alikuwa anamenya viazi, hata hakuinua kichwa. "Mwache baba yako. Ana akili zake."

Siku ya kwanza kushusha mzigo Mombo, mama alijipamba akakaa mbele, makusudi, watu wamwone mumewe akiendesha. Mimi nikakaa nyuma juu ya magunia ya kabichi. Mjini tulikwenda vizuri kabisa, kwa sababu kulikuwa na lori mbele yetu na baba alilifuata. Nikaanza hata kujilaumu. Tulipoupita mji mdogo wa Soni, lile lori likatuacha, likapotelea kwenye kona, barabara ikabaki yetu peke yetu. Hapo pikapu ikaanza kuhama. Ikahama taratibu, ikaenda kulia, ikatulia huko.

Nilidhani anakwepa shimo. Kona iliyofuata akaikata akiwa kulia. Na nyingine tena. Ndipo nilipoelewa. Katika ile katuni magari hupita kulia, ndivyo ilivyo huko ilikotengenezwa. Baba hakuwa amekosea kitu. Alikuwa ameshika kila alichofundishwa. Na mama, ambaye siku zote huliogopa bonde, na bonde lilikuwa upande wetu wa kushoto, alikuwa amekaa kwa raha zake kwa kuwa mumewe ameukumbatia mlima.

Nikagonga paa. Nikaligonga kwa viganja, kwa ngumi, mfululizo. Lakini kwetu anayekaa na mzigo nyuma akigonga namna hiyo maana yake mzigo umekaa vizuri, twende. Baba akaongeza mwendo.

"Tate! Kushoto! Tate, kushoto!"

Sikuwahi kumpazia baba sauti maishani mwangu, na siku hiyo nilimlilia kama kichaa, tate kwa Kishambaa, baba kwa Kiswahili, na upepo ukachukua vyote. Chini yetu, nyuma ya kona, honi ikalia. Ni honi ya basi linalopanda. Mabasi yote hupiga kabla ya kona. Ikalia tena, karibu zaidi. Nikajilaza kifudifudi juu ya magunia, nikafumba macho. Nilichokiwaza ni nani atakayewapelekea ndugu zangu habari.

Nikasikia breki za basi. Kisha pikapu ikainama ghafla, gurudumu la kulia likatumbukia kwenye mtaro wa upande wa mlima, injini ikazimika. Kabichi zikanipita kichwani, zikabingirika barabarani. Nilipofumbua macho, pua ya basi ilikuwa mbele yetu, karibu mno.

Dereva wake akashuka mdomo umejaa matusi. Akaziona mvi za baba, akayameza.

"Shikamoo, mzee." Akanyoosha mkono ng'ambo ya barabara. "Mzee wangu, upande wako ni ule."

Baba hakuitikia. Yeye ambaye hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu ipite bure.

Nikaruka chini nikaenda dirishani. Hawakuwa wameumia. Miguu ya baba ilikuwa imetulia sakafuni, haijagusa hata breki. Lakini kidole gumba chake kilikuwa kinaubonyeza usukani, kinabonyeza, kinabonyeza, mahali pasipo na kitu chochote. Kule kibandani ndivyo alivyokuwa akisimamisha gari, kwa kitufe.

Abiria walikuwa wanashuka kuja kutazama. Mama akakiona kile kidole. Akaufunika mkono wa mumewe kwa viganja vyake viwili kabla watu hawajafika, akamwambia kwa sauti ya chini, "Limeshasimama, baba watoto. Limeshasimama."