Kompyuta Niliyowauzia Wasaga Mawe

Jamani, leo nacheka kwa sababu yameshapita, lakini siku ile ningepewa shimo lolote la machimbo ya Matongo ningejitumbukiza mwenyewe na kuwaomba wanifukie, na mpaka sasa nikipita Nyanungu kuna watu wananiita Fundi Karatasi, nami naitika.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme pale Bomani, mjini Tarime (babu yangu alikuja huku kutoka pwani na cherehani yake, akaoa, akasahau kurudi), na mke wangu Robhi ni mtoto wa Nyanungu. Kijijini kwao kina mama wana kisima cha pampu ya sola, na kisanduku kinachoiongoza pampu nilikitengeneza mimi. Ndani yake mna chipu ndogo ambayo unaiandikia maagizo, nayo inawasha pampu na kuizima kwa muda uliopangwa ili tangi lisifurike. Kuiandikia natumia ubao wangu wa zamani wenye soketi pana kama zile za printa za kale, na ubao huo ulikuwa unasikilizana na kompyuta moja tu duniani, laptop yangu nene kama tofali, ambayo Robhi alishaanza kuitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Sasa, wakati ule sote tulikuwa tunaumwa dhahabu. Walimu waliacha chaki, wachungaji wa ng'ombe waliacha ng'ombe, na wakatokea vijana wa Matongo wananunua hata kompyuta mbovu, eti pini zake zimepakwa dhahabu, wanazitia kwenye karasha zisagwe pamoja na mawe halafu wanaosha kwa zebaki. Mmoja wao, Mwita, akaingia dukani kwangu, akainyanyua ile nene, akaipima kwa mkono, akasema, "Hii ina mali, fundi." Mimi nilikuwa nimeshanunua nyingine mpya, nyembamba, inang'aa, nikamwambia chukua. Robhi akaniuliza, "Na ile kazi ya mama?" Nikamjibu kwa madaha kwamba mashine mpya inaweza yote ya ile ya zamani na zaidi (nilikuwa sijaijaribu hata kidogo, Mungu anisamehe).

Kazi ya mama ilikuwa hivi. Kina mama walikuwa wamepata tangi kubwa zaidi, lakini kisanduku changu kiliendelea kuzima pampu kwa kipimo cha lile dogo, kwa hiyo maji yalikuwa hayafiki hata nusu na foleni ya ndoo haiishi. Wanaume wa kijiji wakataka aletwe fundi kutoka Mwanza. Mama mkwe wangu, Mama Robhi, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi, akasimama mkutanoni akasema mkwe wake anatosha. Mwenyekiti wa kijiji akakubali, ila akaweka sharti: tangi lisipojaa siku ya uzinduzi, pampu inatoka mikononi mwa kina mama.

Siku yenyewe ikafika, kina mama wamevaa vitenge vya sare, mbuzi wako motoni, wazee wamekaa mbele. Nikafungua laptop yangu mpya taratibu ili watu waione vizuri, nikaitoa chipu kisandukuni nikaipachika kwenye ubao, nikachomeka ubao kwa waya wa kuunganishia niliouziwa mjini na mtu aliyeapa kwamba hauna shida. Nikabonyeza. Ile mashine ikaufikiria ubao wangu, ikaona soketi ya printa, ikaamua kwamba ubao ni printa. Nikabonyeza tena. Mwalimu mmoja aliyekuwa amesimama mgongoni kwangu akasoma kioo kwa sauti ya darasani: "Inasema karatasi imekwisha."

"Sasa si mumpe karatasi!" akasema mzee mmoja kwa huruma kabisa.

Ikaletwa. Karatasi safi, imechanwa katikati ya daftari, nami kwa kuchanganyikiwa (na hapa ndipo ninapojilaumu kuliko pote) badala ya kusema ukweli nikaipokea, nikashukuru, nikaiweka juu ya ubao. Watu wazima wakainama kuitazama ile karatasi, wakisubiri. Mama Robhi peke yake alikuwa hatazami karatasi, alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema nimesahau kifaa, nikarukia bodaboda, nikamwambia dereva Matongo, na njia nzima nilikuwa naomba ile nene isiwe imeshasagwa.

Bahati yangu karasha lilikuwa na foleni. Mwita alikuwa ameshafungua skrubu za chini na ameshika nyundo. Nikaruka kabla boda haijasimama nikipiga kelele, "Usiivunje! Mwita, usiivunje, hiyo ndiyo yenyewe!"

Kuna maneno hupaswi kuyasema mbele ya wachimba dhahabu. Karasha likazimwa. Watu wakasogea. Mwita akaishusha nyundo, akaikumbatia kompyuta kifuani.

"Kumbe ulikosea kuuza," akasema. "Ina nini ndani?"

"Haina kitu! Nataka soketi yake ya nyuma tu, niandikie chipu ya pampu kule Nyanungu."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja akasema, "Mtu atoke Nyanungu na boda kwa ajili ya soketi?" Kadiri nilivyoapa kwamba haina dhahabu ndivyo walivyozidi kuamini kwamba iko nyingi. Mwita akakata shauri: hauzi, haazimi, tunakwenda wote. Akairudishia skrubu alizozikumbuka, akaifunga kwa mpira wa baiskeli, akaipakata, na tulipoondoka nikageuka nyuma nikaona bodaboda nyingine, na nyingine, wenye sululu, wenye makarai, msafara mzima wa rashi ya dhahabu unanifuata mimi kwenda ukweni kwangu.

Hebu fikiria tulivyoonekana kwa mtu aliyekaa Nyanungu. Wazee walisimama na fimbo. Kijana mmoja akashuka, akatazama kisima, akatazama sululu yake, akasema, "Kumbe mali iko hapa." Maneno hayo yakapita katikati ya watu, na wawili wakaanza kupima ardhi kwa hatua. Mama Robhi akaenda akasimama mbele ya pampu na mwiko wa ugali.

"Wewe mura, sogea," akamwambia yule kijana. Halafu akanigeukia. "Mkwe, sema. Hawa umewaleta kufanya nini?"

Basi nikapanda juu ya ndoo, nikasema yote. Kwamba hakuna dhahabu kisimani wala ndani ya kompyuta, kwamba mashine niliyokuwa naihitaji niliiuza mwenyewe ikasagwe, kwamba mpya niliyowaringishia haijui kazi hii, na kwamba ile karatasi haikuwa na maana yoyote. Yule mzee wa huruma akauliza, "Sasa karatasi yangu?" na uwanja wote ukalipuka kwa kicheko, wachimbaji na wazee pamoja, nami juu ya ndoo.

Nikachomeka umeme wa sola. Ile nene ikanguruma, ikakaa, ikawaka. Ubao ukawasha taa yake ndogo ya kijani, maagizo yakaingia, nikairudisha chipu kwenye kisanduku, pampu ikaanza, na tukala mbuzi huku tunasikiliza tangi linajaa mpaka bomba la juu likadondosha maji. Kina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akampa Mama Robhi mkono, wachimbaji wakanawa vumbi la Matongo, na mimi nilifurahi kiasi kwamba aibu niliihisi kwa mbali tu.

Mwita alipodai mali yake, Mama Robhi akampa jogoo, akakubali. Nikanyoosha mkono kuichukua kompyuta.

"Wewe hapana," akasema mama mkwe mbele ya watu wote. "Wewe utaiuza."

Akaifunga kwenye kitenge, akaenda nayo kwake. Siku hizi nikipata kazi ya chipu za zamani napanda boda na ubao wangu na kilo ya sukari, nabisha hodi, shikamoo mama, ananifungulia sanduku na kukaa karibu mpaka nimalize. Nimeapa sitauza tena kifaa cha zamani kabla kipya hakijanionyesha kazi yake, ingawa kiapo chenyewe sijui nakiapa cha nini, maana ufunguo wa sanduku anauvaa shingoni.