Tarehe Nilizozigawa Mimi

Ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 2015, saa kumi na robo jioni, nilipoitoa ile barua kwenye sanduku la posta la nyumba yetu, South End, Louisville, Marekani. Saa naijua kwa sababu basi la shule lilinishusha saa kumi na dakika kumi, nami nilikuwa natembea haraka ili majirani wasinisemeshe. Bahasha ilitoka Buffalo. Ilikuwa nyembamba, na habari njema za huku huja na makaratasi mengi.

Baba alikuwa jikoni na viatu vya kazi miguuni, anakula fufu na sombe, majani ya muhogo, kabla ya zamu. Kule Bukavu, Kongo, alikuwa daktari. Huku alikuwa anafunga maboksi kwenye ghala, na mama alikuwa anaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Baba alisomea mitihani ya madaktari ya huku kwa miaka minne, akaipita yote, mpaka programu moja ya mafunzo ya madaktari kule Buffalo ikasema itamchukua: nusu ya siku hospitalini, nusu kwenye kliniki ya mtaa, miaka mitatu, halafu leseni. Ila nafasi ya namna hiyo, ya sehemu mbili kwa pamoja, lazima ofisi yao iiidhinishe na kuiandika kwa jina la mtu. Na kabla ya kuidhinisha walitaka kujua staji, yaani mazoezi ya kazi aliyoyafanya Kongo, ilikwendaje, mwezi kwa mwezi.

"Soma, mama," Baba akasema. Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Vidole vyake vilikuwa na fufu, vinginevyo angeisoma mwenyewe.

Nikaisoma kimya kwanza. Ilisema cheti cha hospitali ya Bukavu kinaonyesha miezi kumi na miwili hospitalini na miezi hiyohiyo kwenye kituo cha afya. Fomu ya mwombaji inaonyesha miezi sita hospitalini, kisha sita kituoni. Maelezo hayalingani. Nafasi haikuidhinishwa.

Ile fomu niliijaza mimi.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa nane. Mimi ndiye nilikuwa karani wa nyumba: bili, shule, kliniki, kila kitu kilichoandikwa kwenye kompyuta. Baba alinieleza vizuri kabisa: asubuhi hospitali, mchana kituo cha afya, mwaka mzima, mkubwa mmoja, mhuri mmoja. Kwao hiyo ilikuwa staji moja. Lakini fomu ilikuwa na visanduku viwili, na nilipoweka tarehe zilezile mara mbili yakatokea maandishi mekundu: tarehe zinapishana. Chini palikuwa na namba ya simu ya kuulizia. Mimi nimpigie mtu nisiyemjua? Darasani nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kuiandika kwenye karatasi. Nikaugawa mwaka katikati. Nikajiambia kumi na mbili ni kumi na mbili. Baba akatia sahihi bila kusoma, kama alivyozoea kule: sekreteri anapiga, daktari anatia sahihi.

"Inasema nini?" akauliza.

"Wamekataa," nikasema. "Tarehe za staji hazilingani."

Sikusema hazilingani na nini.

Baba aliacha tonge kwenye sahani. "Hazilingani? Bon. Ni ule muzee. Amezeeka, amechanganya makaratasi."

Mzee huyo alikuwa mkubwa wake wa zamani, aliyekwenda kwa miguu mpaka hospitali na kukaa siku nzima stoo akitafuta madaftari, ili aandike kile cheti. Na cheti chake kilikuwa sahihi. Niliikunja barua nikaichomeka ndani ya daftari langu.

Baba akampigia rafiki yake wa Reynoldsburg, kule Columbus, daktari Mtanzania aliyepita njia hiyohiyo kabla yake. Aliweka sauti nje ili aendelee kuvaa koti.

"Ehe, daktari wa maboksi! Lini tunakuja kukufungia mizigo?"

"Ndugu yangu, wamenikatalia. Tarehe."

"Pole sana. Sasa sikiliza, leo hii uombe cheti kipya. Hiyo nafasi haingoji mtu. Na mitihani yako si ina mwisho wa kutumika? Mwakani haitafaa tena."

"Najua. Kesho asubuhi nampigia muzee. Nitamugombeza vizuri."

"Fomu uliijaza mwenyewe?"

"Karani wangu. Anaandika kuliko weye."

"Basi mwongeze mshahara!"

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshika sahani yake na nimegeukia sinki. Baba akaenda kazini.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilimkuta mezani na simu mkononi, anatafuta namba ya Bukavu. Nikaiweka barua mbele yake.

"Usimpigie," nikasema. "Ni mimi. Niligawa mwaka."

Aliisoma mara mbili, polepole. Simu akailaza mezani.

"Donc, kumbe ule muzee nilikuwa naenda kumutukana." Kisha, "Sababu gani haukuuliza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nani?"

"Mtu wa kwenye simu."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kukasirikia asipaone. Nilitamani anipige.

Saa mbili nikapiga ile namba, mwenyewe. Sauti yangu haikutoka mpaka mwanamke aliyepokea aliposema "Halo" mara ya tatu. Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyeandika, na cheti ndicho cha kweli. Alikuwa mpole, na upole wake ulinimaliza. Alisema ataliandika neno hilo kwenye faili, lakini sahihi iliyopo ni ya Baba, naye ndiye aliyeapa kwamba yote ni kweli. Nafasi ilikwisha kupewa mwingine. Aombe upya mwakani, na mitihani iwe bado hai.

"Anasema nini?" Baba akauliza.

Nikamwambia yote, na la mitihani pia. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala, maana jioni alikuwa na zamu.

Basi la shule lilikuwa limeshapita. Nikaenda kwa miguu, nikafika kipindi cha pili kimeanza, nikabisha mlango wa darasa, nikaomba ruhusa kwa mdomo, nikaingia.